Siku sita na marobota 34: redio, ukame na barabara ya 281

Hizi ni noti nilizokuwa naandika kwenye simu kila nikisimama, nimezinakili tu na kuongeza maneno mawili matatu pale nilipoona mtu hataelewa, kwa hiyo msitegemee insha. Kazi ilikuwa kupakia nyasi kavu North Dakota na kuzishusha Oklahoma, karibu na Woodward, na karibu njia yote ni barabara moja, US 281, inashuka kutoka kaskazini kwenda kusini kama mtu kaipiga rula. Safari ya siku mbili, tatu ukijivuta. Mimi ilinila sita.

Jumatatu 17 Oktoba 2022, Jamestown, North Dakota

Kupakia kumechukua siku nzima manake mwenye nyasi yuko peke yake na trekta moja. Marobota 34, yale ya duara, kila moja zaidi ya nusu tani, mistari miwili juu ya trela, halafu mikanda, halafu unakaza, halafu unakaza tena. Baridi na upepo. Mzee mwenyewe mcheshi, akaniambia mwaka jana mimi ndiye nilikuwa nanunua, na ni kweli, 2021 huku kaskazini ukame uliwapiga vibaya mpaka watu wakauza ng'ombe wa kuzalisha, mwaka huu wamepata mvua na nyasi zimejaa, sasa wanaolia ni wa kusini. Nikamuuliza ulijuaje kwamba Oklahoma kuna soko, kuna mtu alikupigia? Akanionyesha kidole kwenye trekta. Redio. Anasema alianza kusikia bei ya marobota ya kusini inapanda kwenye taarifa ya soko mwezi wa saba, akajua huko kumekauka, hakuna aliyemwambia neno ukame.

Hilo likanikaa kichwani. Na bahati mbaya au nzuri, kebo ya kuunganisha simu na spika za gari imekufa leo asubuhi, kwa hiyo safari hii ni AM peke yake. Nimejiambia basi, nitasikiliza hawa watu wa redio za kilimo wanavyozungumza na wakulima wao kuhusu ukame, mwanzo mpaka mwisho, nione.

Jumanne 18 Oktoba, Jamestown mpaka O'Neill, Nebraska

Asubuhi baridi ya kuvunja rekodi, yaani Oktoba katikati lakini kioo kimeganda kama Januari. Nimetoka kabla jua halijapanda, Aberdeen nikapita, Redfield nikapita. Mchana kutwa nimesikiliza 570, WNAX ya Yankton, hiki kituo kiko hewani tangu 1922 na masafa yake yanafika mbali ajabu, unaendesha masaa na bado kiko na wewe.

Sasa mpangilio wenyewe uko hivi. Soko. Hali ya hewa. Soko. Tangazo la mbegu. Soko. Mahojiano mafupi na mtu wa chuo kikuu. Tangazo la dawa ya magugu. Soko. Mwanzoni nilikuwa nangoja pale kwenye hali ya hewa nisikie habari za ukame, na kweli zinakuja, lakini zinapita kama treni: nyuzi joto, upepo, uwezekano wa mvua asilimia kumi, kwaheri. Ukame wenyewe umejificha kwenye soko. Mnada wa leo wameuza ng'ombe wangapi, wengi wao majike wa kuzalisha, na mtangazaji akitamka "majike" sauti inabadilika kidogo, kwa sababu kila anayesikiliza anajua mfugaji haondoi majike mpaka maji au malisho yamemshinda. Ndama akiuzwa ni biashara ya kawaida, mama yake akiuzwa huyo mtu amefunga duka la miaka kadhaa mbele. Hakuna mtu anayelifafanua hilo hewani. Hawahitaji.

Halafu kuna habari ya mto. Wiki hii Mississippi pale Memphis imeshuka ikavunja rekodi ya 1988, na matishari yanayobeba nafaka kwenda bandarini yanakwama au yanapunguziwa mzigo, kwa hiyo ghala lililo kando ya mto linampa mkulima bei ya chini kuliko ile ya soko la Chicago. Yaani mtu amepata mvua yake vizuri, mahindi yamejaa, lakini ukame wa mahali pengine kabisa unamfuata mpaka kwenye risiti yake. Mtangazaji aliielezea kwa sentensi mbili tu, akataja pengo la bei kwa senti, akaendelea. Nikasema hii sasa ndiyo taarifa ya ukame, na imesomwa kwenye kipengele cha bei.

Nimevuka mto Missouri juu ya bwawa la Fort Randall jua likishuka. Nimelala O'Neill.

Jumatano 19 Oktoba, O'Neill mpaka... hapa hapa Greeley

Paipu ya upepo wa breki imepasuka kwenye trela. Ilianza kuzomea taratibu nilipopita Bartlett nikajifanya sijasikia, mpaka geji ikashuka na kengele ikalia. Nimeita fundi, akaniambia masaa mawili, amekuja baada ya masaa sita, na paipu aliyokuja nayo sio saizi. Sina nguvu ya kueleza zaidi, mnajua wenyewe.

Nimekaa kwenye kabini na 880, KRVN ya Lexington. Hiki kituo kina hadithi ya pekee, ni mali ya wakulima na wafugaji wenyewe, walichanga wakakianzisha, kikaingia hewani 1951, baada ya ule msimu wa theluji kali wa 1948 na 1949 uliowaonyesha kwamba vituo vya mbali haviwezi kuwaambia kinachowahusu. Leo kina wati elfu 50. Ukisikiliza unahisi tofauti kidogo, hawajielezielezi, wanaongea kama mtu aliye meza moja na wewe.

Lakini Nebraska hii hii ndiko vyombo vya habari viliwahi kuwadanganya wakulima vibaya kuliko ukame wenyewe. Miaka ya 1880 kulikuwa na msemo hapa, mvua hufuata jembe. Yaani ukilima nyanda kavu, udongo uliofunguliwa utavuta mvua, hali ya hewa itageuka yenyewe. Msemo ule aliuandika Charles Dana Wilber 1881, na profesa wa chuo kikuu cha Nebraska, Samuel Aughey, alikuwa ameshauwekea nguvu ya sayansi, na wenye ardhi ya kuuza wakaupokea kwa mikono miwili. Ikatokea kweli kwamba miaka ile ilikuwa na mvua nzuri. Watu wakaja kwa maelfu wakachana nyasi. Miaka ya 1890 ukaja ukame, na wengi wakarudi walikotoka mikono mitupu. Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu, wale waliambiwa dalili ya mvua ni jembe.

Fundi wa pili amekuja saa moja usiku, mtu mzima, mkimya. Wakati anafunga akaniuliza napeleka wapi nyasi, nikamwambia, akasema 2012 zilikuwa zinakuja huku. Akasema mwaka ule mwezi wa tano redio zote zilikuwa zinaimba mavuno ya kihistoria. Nimeangalia baadaye, hakutia chumvi: wizara ya kilimo ilitarajia mahindi zaidi ya busheli (kipimo chao cha nafaka) 160 kwa eka, wakulima walikuwa wamepanda eneo kubwa kuliko miaka mingi sana, halafu joto likaja juu ya udongo uliokwisha kukauka na ndani ya wiki chache kila kitu kikageuka, mwisho wake zikapatikana kama 123. Fundi hana kinyongo na redio. Alisema tu kwamba tangu mwaka ule akisikia mtangazaji ana furaha mwezi wa tano yeye anaenda kupima visima.

Alhamisi 20 Oktoba, Hastings

Nimefika Hastings usiku wa manane na asubuhi nimelazimika kungoja mikanda miwili mipya, ile ya zamani imelika na upepo. Kwa hiyo nimekaa kwenye kimgahawa cha ushirika wa nafaka kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Na siku yenyewe ni Alhamisi!

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi kwa saa za hapa ndio inatoka ramani ya ukame, U.S. Drought Monitor. Inatoka kila wiki tangu 1999, inachorwa na watu wa kituo cha ukame cha chuo kikuu cha Nebraska pale Lincoln pamoja na wizara ya kilimo na watu wa serikali wa hali ya hewa, wanapokezana zamu ya uchoraji, na inahesabu hali mpaka Jumanne asubuhi tu, mvua ya Jumatano inangoja wiki ijayo. Rangi tano. Njano ni D0, huko bado ni ukavu tu. D1 rangi ya mchanga, D2 chungwa, D3 nyekundu, D4 nyekundu iliyoiva mpaka inaelekea damu ya mzee.

Wazee wanne mezani, simu zimelazwa kama karata. Ilipofika muda wakainama wote. Hakuna aliyesalimia mtu. Mmoja akavuta picha kwa vidole viwili, akavuta tena, akasema bado chungwa. Mwenzake akasema njoo uone bwawa langu ndio uniambie chungwa. Wakacheka lakini sio kicheko cha furaha.

Nikauliza kijinga kabisa, jamani shamba lako si unaliona kwa macho, rangi ya kwenye simu inakuongezea nini? Yule wa bwawa akanitazama kwa huruma. Hela, akasema. Na akanieleza pole pole kama mtoto. Kuna fidia ya serikali kwa wafugaji waliopoteza malisho, na inafuata hii ramani. Kaunti yako ikikaa D2 wiki 8 mfululizo kwenye msimu wa malisho unapata malipo ya mwezi mmoja (hayo ni masharti ya 2022, ya D2 yamebadilika tangu hapo). Ikigusa D3 wakati wowote, miezi mitatu. Ikigusa D4, minne. Kwa hiyo mstari uliochorwa na mtu Lincoln ukipita upande huu wa barabara au ule, jirani yako anapata na wewe unatazama.

Basi hapo nikaelewa kwa nini ramani moja inafanya kazi ambayo ripoti mia za tabianchi hazifanyi. Ina siku yake, ina saa yake, ina rangi ambayo hata mimi dereva naielewa, na nyuma ya rangi kuna kitu unaweza kwenda nacho benki. Na ina mlango wa kurudisha neno: mkulima anaweza kutuma picha na maelezo ya hali ya kwake, wachoraji wanasoma. Yule mzee wa bwawa anatuma kila mwezi, amesimama pale pale kwenye nguzo ya uzio, picha ile ile, maji yanarudi nyuma. Alinionyesha zote. Mei maji yako kwenye nguzo. Julai kuna tope lililopasuka mpaka robo ya njia. Oktoba kuna tairi kuukuu katikati ambalo hakuna mtu aliyejua kwamba lilikuwemo.

Kasoro yake nayo niiseme: ramani inaangalia nyuma. Inakwambia umeumia kiasi gani. Wazee hawa wanaisoma kama utabiri, na redio zinaisoma zikiibandika na utabiri kwa pumzi moja, na mchoraji wa Lincoln hajasema chochote kuhusu wiki ijayo.

Utabiri ulikuja leo leo kwa bahati, Alhamisi ya tatu ya mwezi, mtazamo wa majira ya baridi kutoka NOAA, idara ya serikali ya bahari na hali ya hewa. La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, mara ya tatu mfululizo, kusini kukavu na joto kuliko kawaida, ukame kuendelea nyanda hizi. Sasa sikiliza tatizo. Ule mtazamo una mafungu matatu, juu ya kawaida, kawaida, chini ya kawaida, na kama hawajui kitu kila fungu lina thuluthi, asilimia 33 na kitu. Kwa hiyo wakisema asilimia 40 chini ya kawaida maana yake karata imeelemea kidogo upande wa ukavu, na asilimia 60 nzima iko upande mwingine. Mchana nikasikia kituo kimoja (sikitaji) kikisema "msimu wa baridi utakuwa mkavu." Utakuwa! Karata iliyoelemea imegeuka hukumu kati ya ofisi ya utabiri na maikrofoni. Kituo kingine kikasoma asilimia zote kwa uaminifu, dakika nzima ya namba, na mezani hakuna aliyenyanyua kichwa.

(Naongeza baadaye: huo huo mtazamo uliipa kusini ya California upande wa ukavu, na mnaojua mnajua, Januari 2023 California ilimwagiwa mvua mpaka mafuriko. Waliosikia "imeelemea" walisikitika, waliosikia "utakuwa" walitukana wanasayansi.)

Mikanda imekuja saa tisa. Nimelala hapa hapa.

Ijumaa 21 Oktoba, Hastings mpaka Pratt, Kansas

Red Cloud, mpaka wa Kansas, Lebanon ambako wanasema ndio kitovu cha majimbo 48 ya bara, Russell, Great Bend. Joto limerudi kama vile Jumanne haikuwepo. Vumbi pande zote. Magharibi ya hapa ndiko ile rangi ya damu ya mzee imetanda.

Wanapanda ngano kwenye vumbi. Nimeona mashine inakwenda na nyuma yake wingu linasimama mpaka halionyeshi trekta. Nikajiuliza hawa hawasikii redio? Wanasikia sana. Ila bima ya mazao ina tarehe ya mwisho ya kupanda, ukichelewa kinga inapungua, basi unaweka mbegu kwenye udongo mkavu na unaomba. Leo nimesikia mahojiano ya maana kuliko yote ya wiki, mtu wa ugani akiulizwa na mtangazaji aliyeonekana amelima mwenyewe: mbegu iende kina gani kama unyevu uko chini sana? uongeze mbegu au upunguze? ukingoja mvua unapoteza nini kwenye bima? Dakika nane, hakuna kupamba. Hata mimi ambaye sina shamba nilizima kiyoyozi nisikie vizuri.

Kitu nimekisikiliza makusudi tangu Jumanne ni neno lenyewe, mabadiliko ya tabianchi. Siku nne, masaa sijui mangapi, nimelisikia mara mbili, zote kwenye habari za Washington. Kwenye kilimo chenyewe ni "hali ya hewa kali," "ustahimilivu," "afya ya udongo." Dereva mwenzangu nilimpigia nikamwambia, akasema wanaogopa wenye matangazo. Inawezekana, lakini nadhani wanaowaogopa zaidi ni wasikilizaji, neno lile huku limeshavaa sare ya chama, ukilitamka nusu ya watu wanabadilisha kituo na hawatasikia kile kina cha mbegu. Namwelewa mtangazaji. Lakini pia namwona anavyomwacha msikilizaji wake na ukame wa wiki hii, na wa msimu huu, na kila mmoja unaletwa kama mgeni asiye na ukoo. Mtu anayeamua leo kuchimba kisima kirefu au kununua ardhi ya jirani kwa mkopo wa miaka mingi, hiyo miaka nani amemsimulia?

Jumamosi 22 Oktoba, Pratt mpaka nje ya Woodward, Oklahoma

Upepo. Nimesimama mara tano kukaza mikanda. Onyo la moto kwenye redio karibu kila saa na mimi nimebeba tani kumi na nane za kiberiti, nimevuka Medicine Lodge na Alva nikiwaangalia wanaotupa sigara madirishani kama adui zangu binafsi.

Magharibi zaidi kwenye mkia wa jimbo hili kuna Boise City, iliyokuwa katikati ya lile vumbi la miaka ya thelathini. Jina la Dust Bowl lilitoka kwa mwandishi wa habari, Robert Geiger wa Associated Press, baada ya ile Jumapili nyeusi ya dhoruba ya vumbi, 14 Aprili 1935. Maneno mawili ndani ya habari ya gazeti, na mpaka leo kila ukame ukija huku wanaupima kwa hayo. Mzee wa leo naye, kitu cha kwanza aliposhuka kwenye gari lake: sio kama ya babu yangu, lakini.

Alishusha yeye mwenyewe kwa trekta, mimi nafungua mikanda. Ng'ombe walikuja mpaka kwenye uzio wakasimama kimya, wachache kuliko zizi lenyewe. Nikamuuliza, akasema nusu aliuza mwezi wa sita. Nikasema uliona mbali, wengine nasikia wanauza sasa bei imeanguka. Akatikisa kichwa, hakuona chochote mbali. Kuna mtu wa chuo alimsikia redioni miaka ya nyuma akisema utabiri muachie mwenyewe, wewe weka tarehe: kama mpaka siku fulani mvua haijafika kiasi fulani, uza idadi fulani, na uandike wakati una akili timamu na nyasi zipo, maana ukame ukishafika utajidanganya wiki kwa wiki. Aliandika. Kwenye mlango wa stoo ya chakula cha mifugo kuna karatasi imepigiliwa misumari, tarehe tatu, namba tatu. Ya kwanza 15 Juni. Ilipofika akatazama kipimo cha mvua, akampigia simu mtu wa mnada, akaingia ndani akalala bila kula. Mke wake ndiye aliongeza hilo la kutokula.

Tulipofika robota la ishirini na kitu redio ya trekta ikaanza kusoma minada, akazima injini, tukasikiliza wote wawili tumeegemea tairi. Majike tena. Akahesabu kwa midomo. Ikaja hali ya hewa, akawasha injini.

Amesaini karatasi saa kumi na moja jioni, akaomba namba ya yule mzee wa Jamestown. Nimempa. Ameniuliza kama naweza kurudi na mzigo mwingine kabla theluji haijafunga kaskazini, nikasema nipe wiki mbili na kebo mpya, halafu nikafikiria, nikasema kebo si lazima.